Maswali yenu kuhusu kadi za zamani za besiboli: soma kadi kwanza, namba baadaye

Barua kadhaa za safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, wanaokutana na kadi hizi kwenye mauzo ya gereji, kwenye maduka ya mitumba au kwenye nyumba wanazofanyia kazi. Kwa asiyezijua, ni vipande vya karatasi ngumu vyenye picha ya mchezaji mbele na maelezo yake nyuma. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilitiwa ndani ya pakiti za sigara, baadaye ndani ya pakiti za chingamu. Leo zipo kampuni zinazoikagua kadi, kuipa gredi kuanzia 1 hadi 10, na kuifungia kwenye kasha gumu la plastiki. PSA ilianza kazi hiyo 1991, SGC ikafuata 1998 na Beckett 1999.

Swali: Natunza wazee hapa Columbus, Ohio. Familia ya mzee aliyefariki imenipa boksi la kadi za besiboli, zinapita 800. Moja ni ya Mickey Mantle, nyota wa zamani wa besiboli, nyuma ina namba 311. Wenzangu wanasema nimeukata. Nianzie wapi?

Poleni na msiba, dada. Anza kwa kutozifanyia chochote. Usizifute kwa kitambaa chenye maji, usizinyooshe kwa pasi, usipitishe raba ya penseli juu ya alama. Kama zimefungwa kwa mpira wa kufungia noti, ukate kwa mkasi, usiuvute. Mpira uliozeeka huganda kwenye kingo na hung'oa karatasi ukivutwa. Kama zipo zilizogandishwa kwenye albamu kwa gundi, ziache hivyo hivyo kwanza. Karatasi ikichanika nyuma, gredi huanguka hadi 2 au 1 hata kama mbele kunang'aa.

Kisha zitenge kwa mwaka. Kwenye kadi nyingi za Topps, kampuni kubwa ya kadi hizi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, nyuma kuna jedwali la takwimu za mchezaji. Chukua mwaka wa mwisho uliomo kwenye jedwali, ongeza mmoja, huo ndio mwaka wa kadi. Zile za takriban 1987 hadi 1993 ziweke pembeni. Katika miaka ile viwanda vilichapa kadi bila kipimo na watu wakazihifadhi kwa matumaini, kwa hiyo zimejaa mpaka leo na nyingi hazifikii hata bei ya stempu. Kazi yako iko kwenye zile za kabla ya 1975, na zaidi kabla ya 1960.

Sasa Mantle. Namba 311 ni ile ya Topps ya 1952, na ndiyo kadi inayoigwa kuliko nyingi. Chukua rula yenye milimita. Kadi halisi ya 1952 ina upana wa karibu mm 67 na urefu wa mm 95. Mwaka 1983 Topps wenyewe walichapa upya seti ile kwa ukubwa wa kawaida wa siku hizi, mm 63.5 kwa 89, na nyuma wakaandika kwamba ni toleo la marudio. Ukipata kipimo hicho, hadithi imekwisha.

Kama ukubwa ni sahihi, tafuta lenzi ya sonara ya kukuza mara 10. Tazama jina la mchezaji na mistari myeusi ya fremu yake. Kwenye kadi halisi wino wa mistari hiyo umekolea bila kukatika. Nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya huonyesha vidoti vidogo vya rangi hata ndani ya herufi. Vidoti kwenye picha yenyewe visikutie hofu, vilikuwepo tangu awali.

Wengine watakushauri utumie taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Ni kipimo kizuri kwa kadi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kama zile za sigara za 1909 hadi 1911 au za chingamu za Goudey za 1933, kwa sababu karatasi za wakati huo hazikuwa na kemikali za kung'arisha weupe. Zikiwaka bluu nyeupe chini ya taa, karatasi ni ya baadaye. Kemikali hizo zilianza kuenea viwandani mwishoni mwa miaka ya 1940, hivyo kwa kadi ya 1952 taa peke yake haitoshi kuhukumu.

Ikipita vipimo hivi, usiiuze kwa yeyote anayekuja mlangoni na fedha taslimu. Itie kwenye mfuko laini wa plastiki, mfuko uingie kwenye kishikio cha plastiki nusu kigumu, kisha ipelekwe kupimwa kwa posta yenye bima.

Swali: Niko Nairobi, nanunua mtandaoni. Nimepata kadi ya 1957 yenye kona kali kama wembe, lakini kwenye kasha imepewa 3. Nyingine ina kona butu na imepata 5. Wapimaji wanatumia macho gani?

Wanaangalia mambo manne: kona, kingo, uso, na jinsi picha ilivyokaa katikati ya pambizo. Kasoro moja kubwa inatosha kuivuta kadi nzima chini hata kama matatu yaliyobaki ni safi. Kwa kadi yako tunashuku mkunjo. Ishike kasha chini ya taa moja ya mezani, zima taa nyingine, uiinamishe polepole kama unayetafuta mkwaruzo kwenye kioo cha simu. Mkunjo mwembamba usiovunja rangi hauonekani kwenye picha ya mtandaoni, lakini mwanga wa pembeni huufichua. Ukiwa wa upande mmoja na mdogo sana, huishusha kadi hadi 5 au 4. Ukivuka pande zote mbili, tegemea 3 kushuka chini. Ukiona gredi ndogo na huoni sababu, sababu ipo. Igeuze nyuma uangalie tena, mara nyingi iko huko: doa la gundi, alama ya kalamu, au ngozi ya karatasi iliyobanduka.

Kukaa katikati kunapimwa kwa uwiano. Pima pambizo la kushoto na la kulia, gawanya kila moja kwa jumla ya yote mawili. Ukipata mm 3 na mm 2, hiyo ni 60 kwa 40. Kwa PSA, gredi ya 8 inavumilia hadi karibu 65 kwa 35 upande wa mbele, 7 hadi 70 kwa 30, na 6 hadi 80 kwa 20. Kadi za miaka ya 1950 zilikatwa kwa mashine kutoka karatasi kubwa bila uangalifu mwingi, ndiyo maana iliyokaa vizuri katikati hupanda bei hata ikiwa na gredi ya 4.

Angalia pia herufi zinazofuata namba kwenye lebo ya PSA. OC maana yake picha imekaa upande, MK kuna maandishi au alama, ST kuna doa. Kadi yenye 8 na OC si sawa na 8 kamili. Wakusanyaji wengi huihesabu kama imeshuka gredi mbili. SGC hawatumii herufi hizo, wao hupunguza namba yenyewe.

Na hapa wengi huumia: SGC zamani walitumia kipimo cha hadi 100. Kasha la zamani lenye 60 si "asilimia 60" wala si karibu na 6. Ni sawa na 5. 80 ni 6, 84 ni 7, 88 ni 8. Muuzaji asiyejua au anayejua sana anaweza kukutajia 84 kama vile ni kadi isiyo na kasoro.

Swali: Kadi yangu ya sigara ya Ty Cobb imerudi kutoka kwa wapimaji bila namba, imeandikwa tu kwamba imeguswa, yaani imebadilishwa. Sijaigusa! Minneapolis, Minnesota.

Tunakuamini, kaka. Kadi hiyo ina miaka zaidi ya 110, na mikono iliyoipitia kabla yako ni mingi. Mtu mmoja kati yao alinyoa ukingo ili kona zirudi kuwa kali. Wapimaji hawaulizi ni nani, wanaangalia matokeo.

Kadi za seti hiyo, inayoitwa T206, zina upana wa karibu mm 36.5 na urefu wa karibu mm 66.7. Tofauti ndogo ndogo ni za kiwandani, kwa hiyo kipimo kifupi peke yake si hukumu, ingawa kampuni ya upimaji inaweza kuikataa kwa sababu hiyo tu. Ushahidi mzito uko kwenye ukingo wenyewe. Chini ya lenzi, ukingo wa zamani umelainika na umechukua rangi ya uchafu sawa na pande zingine. Ulionyolewa ni mweupe kuliko wenzake, mara nyingine una kijiwimbi mahali kisu kiliposita. Kadi yenye uso uliochakaa na kona kali kupindukia inajipinga yenyewe, kwani uchakavu hauchagui uso ukaziacha kona.

Kadi maarufu kuliko zote duniani ina doa hilo hilo. Ile T206 ya Honus Wagner yenye PSA 8, kadi ya kwanza kabisa PSA kuipa gredi mwaka 1991, iliuzwa dola milioni 2.8 mwaka 2007. Mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani kwamba aliinyoa kingo kabla haijapimwa. Namba kwenye kasha haikuliona hilo.

Yako bado ina thamani. Cobb halisi aliyeguswa hununuliwa na watu wanaomtaka Cobb na hawawezi bei ya mzima. Iuze ukitaja kasoro wazi, na upige picha kali za pande zote. Kabla ya kuiuza igeuze nyuma. T206 zina matangazo ya sigara tofauti, ambapo Piedmont na Sweet Caporal ndizo zimejaa, wakati Drum, Uzit au Lenox ni adimu, na bei ya kadi ile ile huweza kuruka mara kadhaa kwa sababu ya nyuma tu.

Swali: Niko Dar. Ndugu yangu wa Marekani ana kadi 40 za miaka ya 1960. Tuzipime zote?

Hapana. Pigeni hesabu kwa kila kadi. Tuseme moja inauzika dola 60 ikiwa wazi, yaani bila kupimwa. Ikipata 5 itauzika 110. Ada ya upimaji, posta ya kwenda na kurudi na bima tuweke 40, na soko la mtandaoni kama eBay likate asilimia 13 hivi. Kwenye 110 unatoa 14.30 na 40, unabaki na 55.70. Ukiiuza wazi kwa 60 unatoa 7.80, unabaki na 52.20. Umesubiri wiki au miezi kwa faida ya dola 3 na nusu. Na ikirudi na 4 ikauzika kwa 75, mkononi zinabaki 25.25, yaani mmepoteza zaidi ya nusu ya kile mlichokuwa nacho.

Chagueni majina ambayo watu huyatafuta bila kuombwa: Mantle, Mays, Aaron, Clemente, Koufax, Nolan Ryan, Pete Rose. Kadi ya mwanzo ya mchezaji huzidi zake za baadaye, kwa mfano Rose namba 537 ya 1963, au Ryan namba 177 ya 1968, ambayo ina picha yake pamoja na ya Jerry Koosman. Wachezaji wa kawaida wa miaka hiyo hupimwa tu wakiwa na dalili za 8 au 9.

Kadi zipimwe huko huko Marekani, msizilete Dar kwanza. Kila safari ni forodha, posta na hatari ya kona kugongwa. Ndugu yako aweke kila moja kwenye mfuko laini halafu kishikio nusu kigumu, si kile kigumu kabisa ambacho mpimaji hulazimika kuisukuma kadi ili itoke. Azipange kwa mfuatano wa fomu, azibane kati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyo vikubwa kuliko vishikio, afunge kadibodi hizo na si kadi.

Swali: Nina Roberto Clemente ya 1955, PSA 3. Mtandaoni naiona imewekwa kwa maelfu, lakini mwenzangu wa kazini hapa Houston ananipa chini ya nusu ya bei hiyo. Ananionea?

Huenda hakuonei, kwa sababu bei uliyoiona ni ya mtu anayetamani kuuza. Chuja matokeo ili uone zilizouzwa tu. Chukua mauzo 5 ya karibuni ya kadi hiyo hiyo namba 164, kampuni hiyo hiyo, gredi hiyo hiyo, ndani ya miezi 3. Ondoa ya juu na ya chini kabisa, wastani wa 3 zilizobaki ndio soko lako. Tahadhari: eBay wakionyesha bei iliyopigwa mstari na kuandika kwamba ofa ilikubaliwa, namba unayoiona si iliyolipwa. Tovuti ya 130point huonyesha iliyolipwa kweli. Na bei za minada mikubwa kama Heritage au Goldin kwa kawaida tayari zina ada ya mnunuzi ndani yake, mara nyingi karibu asilimia 20, ambayo muuzaji haioni.

Ukishapata wastani huo, toa asilimia 13. Kama jibu liko karibu na anachokupa mwenzako, mkononi, bila posta wala mzozo wa kurudishiwa kadi, ofa yake ni ya haki. Kisha itazame yako. Je, picha iko katikati? Rangi imekolea? PSA 3 yenye mkunjo nyuma na uso safi huzidi PSA 3 yenye mkunjo usoni kwa Clemente, na wanunuzi hulipa tofauti hiyo. Ukiuza baada ya kuimiliki zaidi ya mwaka mmoja, kumbuka kwamba sheria ya kodi ya serikali kuu ya Marekani huweka faida ya vitu vya ukusanyaji kwenye kiwango kinachoweza kufika asilimia 28. Tunza risiti ya ulikoinunua.

Msomaji mwingine ameuliza kama uadimu ndio unaopanga bei. Sio peke yake. Mantle wa 1952 alichapwa mara mbili kwenye karatasi moja ya kiwandani, kwa hiyo ni wengi kuliko majirani zake wengi wa namba za juu, yaani mfululizo wa mwisho wa seti. Ila katoni za mfululizo ule ambazo hazikuuzika zilimwagwa baharini karibu na New Jersey mwaka 1960, na jina la Mantle halijawahi kupoa. Mwaka 2022 nakala yenye SGC 9.5 iliuzwa dola milioni 12.6. Mwaka huo huo Wagner wa T206, gredi ya 2 tu, akauzwa milioni 7.25. Kadi hizo za Wagner zinazojulikana zinakadiriwa kuwa kati ya 50 na 60. Kwanza ni kadi gani, halafu ndipo uulize gredi.

Swali: Ninazo kadi 12 kwenye makasha, nitahamia nazo Mombasa. Zitastahimili?

Kasha halizuii hewa. Unyevu wa pwani utaingia polepole, kadi itajikunja kidogo ndani, na wino unaweza kunata kwenye plastiki. Ziweke kwenye boksi la plastiki lenye ukingo wa mpira, pamoja na pakiti za silika na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ukikausha kupita kiasi, karatasi nayo inakatika. Silika hushiba, hivyo ikaushe kwa joto la chini kila kipima unyevu kinapoanza kupanda. Boksi likae kabatini, mbali na ukuta wa nje na dirisha. Kadi ambazo hazijapimwa zisikae kwenye kurasa za plastiki laini yenye harufu ya pazia la bafu, kwani mafuta yake huhamia kwenye picha. Wala zisifungwe kwenye vibamba vya skrubu. Ukikaza, kadi hubanwa ikawa bapa na kupanuka, na mpimaji ataiona imeguswa.

Swali: Nawezaje kujua kasha lenyewe si la bandia? Kigali.

Ingiza namba ya cheti iliyo kwenye lebo ya kasha kwenye tovuti ya kampuni. Usiridhike jina na gredi zikilingana, kwa sababu waghushi hunakili namba za makasha ya kweli. Kama kuna picha, linganisha kasoro: doa, upana wa pambizo, kona gani ni butu. Lazima iwe kadi ile ile, si inayofanana nayo. Kagua pia kingo za kasha. Michubuko myeupe na mstari wa gundi huonyesha lilifunguliwa na kadi nyingine ikatiwa.

Swali: Niko Kampala, tangu timu ya watoto wetu icheze mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, 2012 nimeupenda mchezo huu. Nina dola 100. Ninunue nini?

Tafuta kadi moja badala ya kumi. Kama historia ya wachezaji weusi inakugusa, mfuatilie Jackie Robinson, aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu mwaka 1947, ujue kwamba karibu kadi zake zote za enzi yake zitapita dola 100 hata zikiwa zimechakaa. Kadi yake ya Topps ya 1953 ni namba 1 ya seti. Watoto walipanga kadi kwa namba na kuzifunga kwa mpira, kwa hiyo ya kwanza ndiyo iliyokatwa na mpira huo, na safi ni chache mno. Kwa mfuko wako angalia Hank Aaron au Clemente za mwanzoni mwa miaka ya 1970, gredi za kati. Epuka za 1971 zisizopimwa mpaka uzoee. Pambizo zake ni nyeusi, hubanduka kwa kuguswa tu, na watu huzipaka kalamu ya wino kuficha weupe. Iinamishe chini ya mwanga: wino wa kiwandani una mng'ao mmoja, wa kalamu una mng'ao wa zambarau au umefifia. Kisha geuza upande uone kama wino umelowa hadi ndani ya ukingo. Ukilowa, rudisha.